Moto wa Juni si Moto wa Oktoba

Kila mwaka kuanzia Mei hadi Novemba, picha za setilaiti za eneo la kusini mwa Afrika hujaa alama nyekundu. Zinaanzia Angola, zinapita kusini mwa Kongo na Zambia, zinaingia Msumbiji na kupanda hadi Ruvuma, Lindi, Katavi na Tabora nchini Tanzania. Kila alama ni moto. Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kwa mwaka liko katika bara hili, na sehemu kubwa yake ni nyika na misitu ya miombo. Anayeitazama ramani hiyo kutoka mbali huona bara linalojichoma lenyewe na kuichafua anga ya wote. Kwa hiyo kila kiangazi viongozi wetu hutoa amri za kupiga marufuku uchomaji, na kila kiangazi moto hurudi.

Amri hizo hushindwa kwa sababu zinaukabili moto wote kama kitu kimoja. Madhara ya moto hutegemea umewashwa lini, umechoma nini, na ardhi iliyoungua itatumiwaje baadaye. Sera isiyoyapima mambo hayo itamkamata mchungaji aliyechoma nyasi Juni, na itafika Oktoba ikiwa imechoka, wakati msitu wenyewe ndio unaoteketea.

Tuanze na hesabu ya kaboni. Nyasi zikiungua hutoa hewa ya ukaa, lakini mvua zikinyesha nyasi mpya huota na kuifyonza tena. Huo ni mkopo unaolipwa ndani ya msimu mmoja au miwili. Mti hauna uwezo wa kulipa hivyo. Mninga uliokufa kwa moto ulijikusanyia kaboni kwa miongo kadhaa, na mche utakaouziba pengo lake utahitaji miongo ileile. Mwaka 2023 misitu ya Kanada iliungua katika eneo la hekta zipatazo milioni 15. Kaboni iliyotoka ilizidi ile ambayo nchi yoyote duniani huitoa kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ukiacha China, Marekani na India. Hekta hizo ni chache sana zikilinganishwa na zinazoungua Afrika kila kiangazi, ila kule iliungua miti na udongo wenye kaboni ya karne nyingi.

Hata hivyo nyasi nazo zina deni lisilofutika. Moto unaofuka hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa ya uzito uleule. Moto wa nyasi hutoa pia oksidi ya nitrasi ambayo nguvu yake inazidi mara 260. Nyasi za msimu ujao hazizifyonzi gesi hizo. Kwa hiyo anayesema kwamba moto wa nyika hauna neno kwa kuwa majani yataota tena amesema nusu ya ukweli.

Sasa tazama tofauti ya miezi. Mwezi Juni shina la nyasi bado lina unyevu na umande wa asubuhi haujakoma. Moto ukiwashwa jioni, ndimi zake hutambaa chini, huacha viraka vya kijani hapa na pale, na mara nyingi huzimika wenyewe usiku ubaridi ukishuka. Gome la mti mkubwa hupata masizi tu. Ifikapo Oktoba, nyasi ni kavu hadi mizizini, majani yaliyopukutika yamelala kama zulia, na upepo una nguvu. Moto wa wakati huo, ambao watu wa misitu huuita moto kichaa, hupanda mpaka kwenye matawi, hupasua magome na kuua miche yote iliyokuwa ikijaribu kuinuka. Warina asali wanaujua vizuri, kwa maana unachoma maua, mizinga na nyuki kwa pamoja.

Tofauti hiyo ilishapimwa. Karibu na Ndola, Zambia, watafiti walianza mwaka 1933 kuyagawa maeneo ya miombo katika mafungu matatu: palipochomwa mapema kila mwaka, palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, na palipolindwa kabisa. Baada ya miaka mingi, palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti ilikuwa imetoweka na nyasi kutawala. Palipochomwa mapema miombo iliendelea kusimama. Palipolindwa kabisa msitu uliongezeka na kuwa mzito. Matokeo hayo ya tatu huwapa nguvu wanaotaka marufuku. Lakini kipande cha utafiti kinaweza kulindwa kwa miaka na watumishi wake. Msitu wa kijiji wenye maelfu ya hekta, wafugaji, wawindaji wa ndezi na wapita njia hauwezi. Ukiulinda miaka mitatu ukapata cheche mwaka wa nne, utakuwa umeurundikia kuni za kuuteketeza.

Wapo wanaosema kwamba nyasi za Juni, kwa kuwa zina unyevu, hufuka zaidi na kutoa methani nyingi kwa kila kilo inayoungua. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni kwamba kilo zinazoungua ni chache, kwani moto wa mapema huacha viraka, na viraka vilivyoungua huwa kinga inayouzuia moto kichaa usisambae. Kaskazini mwa Australia, katika eneo la West Arnhem Land, wenyeji wa asili wamekuwa wakichoma mapema kwa mpango tangu mwaka 2006, wakilipwa kwa gesijoto walizopunguza.

Kuna mahali ambapo hata Juni haifai. Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro katika eneo la Whona, wanapopumzika wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo, ukachoma zaidi ya kilometa za mraba 90. Misitu ya mvua ya mlima huo, ya Usambara na ya Uluguru haikuzoeana na moto. Huko marufuku ni sahihi na inastahili kusimamiwa kwa ukali, maana ndiko yanakotoka maji ya mito yetu.

Lakini sehemu nzito zaidi ya hesabu yetu iko shambani. Takwimu za serikali za miaka ya 2002 hadi 2013 zilionyesha Tanzania ikipoteza takriban hekta 469,000 za msitu kila mwaka, na kilimo kilitajwa kuwa chanzo kikuu. Mfano uko Lindi. Ufuta hustawi vizuri kwenye shamba jipya, palipo na rutuba ya majivu na magugu machache. Mkulima hufyeka, huchoma, huvuna misimu michache, kisha magugu yakimshinda husogea mbele. Pale alipoondoka, msitu haupewi muda wa kurudi. Moto huu hauna Juni njema: hata ukiwashwa kwa ustadi wote, umeshaondoa miti ili isirudi. Huyu mkulima hana uadui na msitu. Amepiga hesabu, akaona jembe, mbolea na palizi kwenye shamba la zamani vinamgharimu kuliko kiberiti kwenye shamba jipya.

Hesabu hiyo inaweza kubadilishwa, na tunao ushahidi wa nyumbani. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali, wanalima ngoro. Hufyeka majani na kuyaacha yakauke, huyapanga kwa mistari inayokatizana na kufanya miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani. Mlimani hubaki vishimo vingi vilivyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta hayo, na mahindi hufuata msimu ujao. Vishimo hukamata maji ya mvua, majani huozea ndani ya tuta na kulirutubisha, na watu wamelima mlima uleule kizazi baada ya kizazi. Majani ambayo kwingine yangekuwa moshi, hapa ni mbolea.

Najua hasira wanayoipata wengi wakisikia mkulima wa Lindi akitajwa katika mjadala wa tabianchi. Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa takriban tani 14. Hasira hiyo ni ya haki, na nchi tajiri hazipaswi kununua moto wetu mdogo ili ziendelee na mkubwa wao. Lakini haki hiyo haiurudishi msitu wa Kilwa wala chemchemi ya Mpanda. Wa kwanza kuumia na moto kichaa ni sisi: maji yetu, asali yetu, mbao zetu, mapafu ya watoto wetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, amri za jumla za kiangazi ziachwe, na kila kijiji chenye msitu wa miombo kiwe na kalenda yake ya moto, inayopangwa na kamati ya maliasili pamoja na wafugaji na warina asali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayoweka masharti ya uchomaji. Masharti hayo yafundishwe vijijini Aprili, kabla ya kutumiwa kuwashtaki watu Septemba. Pili, mbolea ya ruzuku na maofisa ugani wapelekwe kwa makusudi kwenye vijiji vinavyopakana na msitu, ili kubaki kwenye shamba la zamani kuwe na faida. Tatu, fedha za biashara ya kaboni zifike kwa wanaofanya kazi. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinavyolinda misitu ya Ntakata vimeonyesha kwamba mapato hayo yanaweza kujenga madarasa na zahanati. Kanuni za biashara hiyo zilitungwa mwaka 2022; kipimo chake kiwe kile kinachoingia katika akaunti ya kijiji, na mikataba isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri teknolojia mpya. Linalohitajika ni bajeti inayotoka mapema, kabla ya nyasi kukauka. Fedha ya kuzuia moto ikifika wilayani Septemba imeshachelewa, na kinachobaki ni kuhesabu hasara.