Kishindo cha Gari na Haki ya Jirani



Mwezi huu twajibu swali la kijana mmoja wa Bariadi. Babaye ana pikapu, nayo ndiyo inayowalisha: msimu wa pamba huchukua mizigo kutoka vijijini, na msimu ukiisha huchukua mahindi, choroko, na watu waendao mnadani. Baba amemkabidhi mwanawe usukani. Sasa bomba la moshi limeliwa na kutu, hapana budi libadilishwe, na kijana ataka litiwe lile lenye ngurumo kama alilolisikia Mwanza. Baba hataki. Kijana auliza: Sauti ina khatari gani, ilhali gari ni letu na fedha ni zetu?

Twasema tangu mwanzo kwamba hatutamwambia kijana kuwa kupenda sauti nzito ya injini ni dhambi. Ujana una mapenzi yake. Wazee wa leo walipokuwa vijana walitia kengele katika baiskeli zao, wakazipiga hata pale ambapo njiani hapakuwa na mtu. Lakini mtu anayetoa fedha yafaa ajue ananunua nini.

Mafuta huwaka ndani ya injini kwa nguvu, na vali ya kutolea moshi ikifunguka moshi hutoka ungali na msukumo mkubwa. Kila mtoko ni mlipuko mdogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mitoko hiyo huwa 100 kwa kila sekunde moja, na kwa kuwa sikio haliwezi kuihesabu, huisikia kuwa ni mngurumo mmoja. Sailensa, lile pipa la bati lililofungwa chini ya gari, imegawanywa ndani vyumba vyumba na kupitishiwa mabomba yenye matundu. Mawimbi ya sauti hupiga kuta zake, yakarudi, yakakutana na yale yanayokuja, yakapunguzana nguvu. Nyingine hutiwa nyuzi za kioo zinazonyonya sauti. Hila hii ni ya zamani: ndugu wawili wa ukoo wa Reeves, wa mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, Marekani, walipewa hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1897, wakati motokaa zenyewe zilikuwa bado za kuhesabika. Mashine hiyo ilikuwa ingali changa, na tayari watu walikwisha kuona kwamba haikaliki nayo mpaka ifunikwe mdomo.

Muuzaji atamwambia kijana kwamba bomba jipya litaongeza nguvu. Uko ukweli kidogo katika maneno hayo, maana bomba jembamba mno huibana injini. Lakini aliyeunda gari alikwisha kupima upana unaolifaa. Chukua mathalan Land Cruiser ya kazi yenye injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Injini hiyo iliundwa ivute kwa utaratibu na idumu miaka mingi. Kuiondolea sailensa hakutaifanya ipande kilima na mzigo wa pamba kwa wepesi wa kujivunia. Tena bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hutembea polepole, na injini ya namna hiyo hupoteza mvuto katika mizunguko ya chini, ambako ndiko khasa pikapu hufanya kazi inapozama katika tope jeusi la mbuga zetu wakati wa masika. Injini yenye tabo hunufaika zaidi na bomba pana, nayo ni kweli. Lakini hata hapo ni upana unaosaidia, na kishindo hakivuti mzigo. Dereva husikia gari likinguruma, akadhani linakwenda. Sikio limemdanganya mguu.

Liko jambo lililo kubwa kuliko hilo, nalo twalitaja kwa kuwa watu wachache hulifikiri. Baadhi ya mafundi, ili wapate ngurumo kwa fedha kidogo, huitoa sailensa na kuliacha bomba liishie chini ya tumbo la gari. Bomba la kiwandani hupelekwa hadi nyuma au ubavuni, nje kabisa, kwa makusudi. Moshi una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukamata damu mahali pa oksijeni. Mtu husikia kichwa kikimuuma, akasinzia, asijue kuwa anapewa sumu. Hewa hiyo ni nyingi zaidi katika injini za petroli. Injini ya dizeli huitoa kwa uchache, lakini moshi wake una masizi, na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuhesabu moshi wa dizeli miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Moshi ukifumuka chini ya gari hupanda kwa nafasi za sakafu, na wale akina mama waliokaa nyuma juu ya magunia, na watoto wao mapajani, ndio wanaouvuta. Na mzigo wenyewe ni pamba! Cheche ya masizi ambayo ingekufa ndani ya sailensa hutoka nje ikiwa hai, na bomba fupi lenye moto likiegeshwa juu ya majani makavu ya mwezi wa Agosti halihitaji kiberiti.

Sasa tuje kwenye sikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini imeweka kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na zikifika 100 ni dakika 15 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviоti tena. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita zipatazo 70, na Mwanza ingali mbele. Bomba lenye ngurumo lina tabia moja ambayo muuzaji haitaji: gari likishika mwendo mmoja wa safari, mvumo wake hukutana na umbo la chumba cha dereva, ukajaa humo kama nyuki mzingani. Kwa dakika tano hupendeza. Kwa saa mbili humchosha dereva, na dereva aliyechoka amebeba roho za watu.

Na jirani je? Tangu Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake, mji umeongezeka, na nyumba zilizokuwa mbalimbali sasa zatazamana dirisha kwa dirisha. Pikapu ya mizigo huondoka saa kumi ya usiku. Katika nyumba ya pili yuko mzazi aliyejifungua juzi. Ya tatu, mgonjwa aliyerudi jana kutoka hospitali. Na barabarani kijana mdogo aongoza ng'ombe wa mkokoteni, ambao wakishtuka hawamwulizi ruhusa. Fedha ni ya kijana, hilo twalikubali. Lakini sauti ikisha kutoka bombani imeingia katika masikio ya watu wasioshauriwa. Luqman, katika wasia wake kwa mwanawe ulio ndani ya Qur'ani, hakuiacha sauti bila ya kuitaja, akamtaka aishushe. Na sisi tunaofunga spika kubwa katika maharusi mpaka usiku wa manane, tusijifanye kwamba wasia ule ni wa wenye magari peke yao.

Serikali nayo imesema neno lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo ni za mwaka 2015. Bomba lililotobolewa kwa ajili ya sifa ni njia ya kujitafutia maneno na askari kila njia panda.

Kijana asema gari ni "letu". Twamwomba alitazame neno hilo tena, kwa maana gari ni la baba, na idhini ya baba ndiyo ya kwanza. Baba naye tungependa asikilize, kwani bomba ni lazima linunuliwe, na liko la katikati ambalo wote wawili waweza kuridhika nalo. Sauti nzito si lazima iwe sauti kubwa. Na waende pamoja kwa fundi, wachague sailensa kamili yenye tumbo kubwa, na bomba la upana ule ule wa kiwandani, litakaloishia nje ya bodi, mbali na waliokaa nyuma. Wahakikishe viungo havivuji, na raba zinazolining'iniza ni mpya. Kabla ya kulipa, baba akae ndani vioo vikiwa vimefungwa, kijana aendeshe kwa mwendo wa safari japo nusu saa, asikie kama ule mvumo upo. Wakirudi, kijana ashuke, baba aliwashe gari, naye kijana akasimame mlangoni kwa jirani. Tena wamwambie fundi alifunge kwa flanji na bolti, asilichomelee moja kwa moja, ili jirani akija kulalamika liweze kufunguliwa kwa spana mbili na kazi ya asubuhi moja.