Mashimo Tisa Kando ya Mto



Katika Marekani, jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, iko wilaya iitwayo Sonoma. Mabonde yake yamejaa mashamba ya mizabibu, na divai yake yajulikana mbali. Huko, kando ya Mto Russian, katika kijiji cha Monte Rio, kuna uwanja mdogo wa gofu uitwao Northwood.

Gofu ni mchezo wa kupiga kipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni. Viwanja vikubwa huwa na mashimo 18. Northwood una 9 tu. Wachezaji hupita katikati ya miti mirefu yenye gome jekundu, aina ya miti ipitayo yote duniani kwa urefu. Si lazima uwe mwanachama. Yeyote alipaye ada huingia akacheza.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1928. Aliyeuchora ni Dr. Alister MacKenzie, Mwingereza aliyeacha kazi ya udaktari akawa fundi wa viwanja, kwa kuwa aliamini kwamba kutembea na kucheza hewani huwapa watu afya. Mwaka ule ule wa 1928 ulifunguliwa uwanja wake mwingine, Cypress Point, mali ya chama cha wachache, nao husifiwa dunia nzima. Baadaye, pamoja na Bobby Jones, alichora Augusta, yanakofanyika mashindano makubwa kila mwaka. Alifariki Januari 1934, kabla ya mashindano ya kwanza ya huko. Basi fundi mkubwa namna hii hakuona haya kuchora mashimo 9 kijijini, na karibu miaka 100 baadaye watu wangali wanayachezea.

Nilipoyasoma haya, moyo ulinichoma. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia. Mama mmoja alikuja kutafuta jina la binti yake katika kitabu cha Ubatizo, apate kupokea Komunyo ya kwanza. Halikuonekana. Siku ya sikukuu wenzake walikwenda altareni. Yeye alibaki benchini akilia. Wiki tatu baadaye nililiona, katika mwezi mwingine, na jina la baba limekosewa. Mwandiko ni wangu. Siku ile walibatizwa watoto wengi, nami nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nilikwenda kwao nikaomba radhi.

Wazee wetu walisema, mdharau mwiba humchoma. Lakini mara nyingine, ndugu zangu, mwiba tuliodharau sisi humchoma mtoto wa mwenzetu. Bwana wetu naye alitufundisha kwamba uaminifu hupimwa katika madogo. Baba ufungaye boma, mama upimaye dawa ya mtoto, nawe mwanafunzi ufagiaye darasa: kazi yako ni ndogo, lakini yuko mtu anayeitegemea. Ifanye vema.