Kwaya isilazwe gesti

Wiki iliyopita nimepata habari ambayo imenikaa kooni kama mwiba wa sato. Kamati ya kwaya ya vijana ya kanisa nililokulia, kule Musoma, imeamua kwamba kuanzia safari ijayo wanakwaya hawatalala tena nyumbani kwa waumini. Watalala gesti, na pasipo na gesti watalala madarasani. Sababu zimetajwa mbili: usalama wa mabinti, na kuwapunguzia wenyeji mzigo.

Wengi wamepiga makofi. Mimi sikupiga. Na kwa kuwa niliimba sauti ya tatu katika kwaya hiyo kwa miaka sita kabla sijaingia kwenye hii kazi ya kalamu, naomba nami niseme langu.

Kwa asiyewahi kusafiri na kwaya, ngoja nieleze kidogo. Mnaambiwa mkutane kanisani saa kumi na moja alfajiri. Gari linakuja saa mbili. Kosta ina viti 29, ninyi mko 34. Zinapakiwa spika kwanza, kisha genereta, kisha mabegi ya sare, mwisho binadamu. Mpiga kinanda hataki kusikia habari ya keria. Anakipakata kinanda chake njia nzima kama mama mwenye kichanga. Mkifika Makutano mwalimu wa kwaya ameshaanza kupitisha sauti ya pili, ambayo miaka nenda rudi haijui inaingilia wapi. Mkivuka daraja la Kirumi nusu ya gari imelala midomo wazi. Yupo anayetafuna tangawizi kuokoa koo, yupo anayetapika kwenye mfuko, na kiti cha nyuma wapo wawili ambao kila mtu anajua mwisho wao ni madhabahuni, ila wenyewe wanajifanya wanasoma wote kitabu kimoja cha nyimbo. Mbele mwenyekiti na mtunza hazina wanahesabu hela ya mafuta. Ikipelea, soda zinafutwa.

Hayo ni ya mchana, na kwaya yoyote ya dhehebu lolote inayajua. Kwetu safari yenyewe ilikuwa inaanza usiku.

Ibada ikiisha, mzee wa kanisa alikuwa anasimama na karatasi na tochi. "Wawili kwa mama wa duka. Watatu kwa mwalimu mkuu. Wawili kwa mzee wa ng'ombe." Unasikia jina lako, unabeba begi, unafuata mgongo wa mtu usiyemjua kuingia gizani. Hujui utakula nini, hujui utalala kitandani au kwenye mkeka, hujui hata lugha ya hiyo nyumba.

Msomaji, usisahau kwamba hapa tunazungumzia Mara. Ukitoka Musoma kwenda Shirati, safari ya saa chache tu, unapita kwa Wajita, Wakwaya, Wakurya na Wajaluo, kila mmoja na utani wake juu ya mwenzake, na mwingine si utani. Mimi ni Mjita. Nimekua nikiambiwa kwamba Mkurya ukimkanyaga mguu anakujibu kwa panga. Niliamini hivyo mpaka siku nilipotajwa kwenye ile karatasi: mimi na besi mmoja Mjaluo, kwa mzee wa ng'ombe, kijiji kimoja upande wa Tarime.

Mzee hakuja kwenye ibada. Alitupokea kwa maneno machache, akatupa ugali wa ulezi na maziwa mgando, akatuonyesha chumba. Sitaficha, tulifunga mlango kwa komeo na kusukumia begi la sare juu yake. Usiku wa manane nikaamka kwenda haja. Nikamkuta mzee amekaa nje kwenye kigoda, koti zito, tochi mkononi, mshale na upinde pembeni. Nikaganda. Akaniambia, "Mura, nenda tu ukajisaidie. Wiki hii wanatuibia ng'ombe. Ng'ombe nitatafuta wengine. Nyie wakiwapata mkiwa kwangu, nitawaambia nini wazazi wenu?"

Alikesha. Ndiyo maana hakuja kutusikiliza: hakuwa na wa kumwachia boma. Asubuhi, kabla gari halijafika, tulisimama mlangoni pa zizi, tena na besi peke yake, tukamwimbia nyimbo mbili. Zilitoka vibaya, wimbo wa sauti nne hauimbwi na watu wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

Miaka kadhaa baadaye nikiwa chumba cha habari, ikaingia taarifa ya koo mbili kugombea eneo la malisho huko huko. Kichwa cha habari kilikuwa kimeshaandikwa kabla habari yenyewe haijaandikwa: damu yamwagika tena, Wakurya hawasikii. Nilijikuta nimesimama. Nikauliza, Wakurya gani? Koo zipi? Kijiji gani? Aliyekufa anaitwa nani, na eneo hilo lilipimwa lini? Mhariri wangu alinishangaa, lakini akaniachia simu. Tukaandika habari ya mpaka usioeleweka, badala ya habari ya kabila lisilosikia. Sijisifu. Ni kwamba mmoja wa "hao" alishawahi kunikeshea.

Hilo sikulipata kwenye mahubiri, na mahubiri ya amani nimeyasikia mengi, maana kanisa la Mennonite ni kanisa linalojitambulisha kwa amani. Nililipata kwa kulala kwa mtu.

Na wala si jambo geni kwa Wamennonite. Imani hii ilianzia nyumbani kwa watu. Tarehe 21 Januari 1525, kule Zürich, Uswisi, watu wachache walikutana ndani ya nyumba wakabatizana wakiwa watu wazima, jambo ambalo serikali ya mji ililikataza. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni mwaka 1527. Kwa miaka mingi wenzake waliishi kwa kufichwa, nyumba hadi nyumba. Walipoadhimisha miaka 500 pale pale Zürich, Mei 2025, kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowakusanya. Hapa kwetu wamisionari Wamarekani walifika Shirati mwaka 1934 wakiwa wageni kabisa, na kazi ikakua mpaka mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika. Kati ya miaka hiyo miwili kuna vyungu vingi vya ugali ambavyo hakuna aliyeviandika. Huko Marekani nako kwaya za vyuo vya Mennonite zinaposafiri, waimbaji bado hugawanywa majumbani mwa washirika.

Sasa nije kwenye upande wa pili, maana nikiukwepa nitakuwa mwongo.

Usiku mmoja, katika safari nyingine, binti wa sauti ya kwanza alitajwa peke yake. Alipelekwa kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba alikuwa amesafiri, na ile karatasi haikusema. Saa sita usiku alichukua begi lake akatembea gizani mpaka kwa mchungaji. Asubuhi aliimba na wenzake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tuliporudi Musoma hakuonekana tena mazoezini, na tukasema eti amepoa kiroho.

Aliyeshika tochi wakati majina yanasomwa usiku ule nilikuwa mimi. Nilimwona anaondoka peke yake. Nilinyamaza.

Wiki hii nimempigia simu. Nilimwomba radhi, jambo nililochelewa mno kulifanya. Kisha nikamuuliza kuhusu uamuzi wa gesti, nikijua ataunga mkono. Akacheka. "Gesti ambayo kila mlevi anagonga mlango? Kaka, shida yangu haikuwa nyumba. Mlijua tuko wangapi, hamkujua tuko wapi."

Nimelitafakari sana neno hilo. Gesti haitibu ugonjwa huu. Gesti inatuwezesha tuendelee kutojali, ila kwa kulipia. Na malipo si madogo: tuseme vyumba 16 kwa 15,000 kila kimoja, siku tano, ni 1,200,000. Hela hiyo itatoka kwenye kapu lile lile la sadaka la wenyeji tunaosema tunawapunguzia mzigo.

Mimi napendekeza hivi. Orodha ya nyumba iandaliwe wiki mbili kabla, siyo usiku ule kwa tochi. Asiwepo mtu wa kulala peke yake, awe wa kike au wa kiume. Mabinti wapelekwe tu kwenye nyumba ambayo mama yupo na anajulikana na akina mama wa kanisa. Awepo mlezi mmoja wa kike katika kila safari, mwenye namba ya simu ya kila nyumba, na kila binti awe na namba yake. Gari lifike kabla ya magharibi hata kama ni kwa kupunguza kituo kimoja. Binti akisema hapa sikai, ahamishwe usiku huo huo bila kuulizwa maswali. Na kwaya isiende mikono mitupu: kila wawili wabebe sukari, sabuni na kilo mbili za mchele. Mwenyeji wa kijijini hakatai mgeni, ila sisi tusijifanye hatuoni kwamba kuku aliyechinjwa alikuwa ada ya mtoto.

Mkishindwa kufanya hayo, basi sawa, nendeni gesti. Usalama wa binti mmoja ni mkubwa kuliko mafundisho yote niliyoyapata kwa mzee wa ng'ombe. Lakini semeni ukweli kwamba mmeshindwa kazi ya kuwalinda. Msiseme nyumba za watu ndizo zilizoshindwa.

Kwaya ikilala gesti itafika, itaimba, itauza nyimbo zake, itaondoka. Wenyeji watasema vijana wale wanaimba vizuri. Lakini kuna kijana wa Kijita atakayerudi Musoma akiwa bado anaamini habari ya panga, na siku moja huenda akawa ndiye anayeandika vichwa vya habari.

Nawasilisha.