Kibao cha mgahawa kinapozimika, nani anakula hasara?



Wiki iliyopita nilikaa kwa dada mmoja mwenye mgahawa hapa Old Korogwe. Saa mbili usiku, wali umeiva, samaki wapo, umeme ukakatika. Ndani akawasha taa ya kuchaji, wateja wakaendelea kula. Lakini nje kibao kikazimika. Kuanzia hapo hadi anafunga hakuingia mtu mpya hata mmoja. Nikamwambia, "Pole, dada." Akanijibu, "Mdogo wangu, aliye ndani ananiona. Anayepita barabarani anajua nimefunga."

Hilo neno limenikaa kichwani. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi. Korogwe ipo kwenye njia ya Dar, Moshi na Arusha, na wa Handeni nao wanatokea huku. Maana yake usiku sasa ni muda wa biashara. Sasa biashara gani ya usiku inafanyika gizani?

Nikaamua kumpigia mahesabu ya sola ya kibao peke yake, siyo ya nyumba nzima. Nayaweka hapa kwa sababu yanaweza kumsaidia mwingine.

Kwanza, achana na boksi la zamani lenye taa ndefu. Taa nne za wati 36 ni wati 144, sola ya kubeba huo mzigo utaikimbia bei. Chukua kibao cha kawaida kilichopakwa rangi vizuri, kimulike kwa taa mbili za LED za wati 10. Jumla wati 20. Ukiwasha kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, unatumia wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye Ah 40 ina wati-saa 480. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, una usiku mbili hata kama jua halijatoka. Paneli ya wati 50 inatosha kuirudishia kwa siku ya jua la kawaida. Masika, mawingu yakikaa siku tatu nne, zima saa 4 usiku. Weka na kontrola ya chaji yenye kuwasha taa yenyewe giza likiingia. Paneli ielekee kaskazini kidogo, iwe na mwinamo ili mvua ioshe vumbi, na ifungwe kwa nati ambazo mwizi hatazifungua kwa spana ya mfukoni.

Sasa niseme ukweli ambao wauza sola wengi hawausemi. Ukitegemea sola hii ikupunguzie bili, umepotea. Wati 20 kwa saa 6 kila siku ni uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya karibu shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 1,300. Hakuna paneli na betri vitakavyorudisha hela yake kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Huyu dada hanunui sola kukwepa bili. Ananunua uhakika. Sahani tano za wali zisizouzwa usiku mmoja zinazidi bili ya kibao ya miezi kadhaa.

Na hapo ndipo siasa inapoingia, msinishangae. Uhakika wa umeme alishaulipia. Akinunua LUKU analipa kodi na tozo zake, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo. Halafu tunamwambia aingie tena mfukoni anunue betri ili kile alicholipia kiwepo. Huko ni kulipa mara mbili.

Tena kwetu inauma zaidi. Bwawa la Hale, megawati 21, lilianza kuzalisha umeme 1964, na liko wilaya hiihii. Maji ya Mto Pangani yanapita kwetu ndipo yanakwenda Hale na Pangani Falls. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 nalo tumeimbiwa miaka yote. Mwaka 2025 tukaambiwa mikoa ya kaskazini italetewa umeme kutoka Ethiopia, kwa kuwa ule wa kusini unapotea njiani. Sawa, umbali ni jambo la kweli, mimi sibishi na fizikia. Ila kama tatizo ni nyaya, mbona miaka yote tunasherehekea mabwawa, nyaya hatuzisikii?

Kuna watakaosema, "Si ananunua sola mwenyewe, mnalalamika nini?" Jamani, sola ni nzuri, na mimi ndiye ninayemshauri anunue. Lakini isije ikawa kisingizio. Kisima cha jirani hakiondoi wajibu wa mwenye bomba.

Kwa hiyo vikao vya kata vijavyo twendeni na mambo matatu. Moja, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana, ikubali vikundi vya mafundi sola na wafanyabiashara wadogo wanaotaka vifaa vya namna hii. Mikopo hii ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Tuulize nani kapata. Mbili, vifaa vikaguliwe madukani. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa betri "mpya" iliyokufa ndani ya miezi miwili, na risiti sikupewa. Tatu, umeme ukikatwa kwa matengenezo, tuambiwe mapema, ili mama ajue apike kilo ngapi.

Dada ameanza kuweka akiba. Taa mbili keshanunua, paneli na betri bado. Jana nimepita saa tatu usiku, umeme ulikuwepo, kibao kinawaka, basi moja likasimama, wakashuka watu saba. Akaniangalia akacheka, "Umeona?"

Nimeona, dada.

Naomba kuwasilisha.