Kifuniko cha Kidonda cha Kinywa: Mgonjwa Aambiwe Kimetoka Wapi

Jeraha la mkono lina bandeji yake, na la mguu lina plasta yake. Jeraha la ndani ya kinywa halina bahati hiyo. Hulowa mate mchana kutwa, huguswa na ulimi kila neno linapotamkwa, na hupitiwa na chai ya moto na pilipili. Ndiyo maana suala la vifuniko vya vidonda baada ya upasuaji wa fizi halifai kuachiwa matabibu peke yao. Linawahusu pia wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambao miili yao ndiyo itakayofunikwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima waliochunguzwa nchini walikuwa na fizi zinazotoka damu. Wengi wa hao hawahitaji kisu. Kusafishwa ukoga na kupiga mswaki ipasavyo kunatosha. Lakini ukoga ukiachwa miaka, tumbaku ikitiwa chini ya mdomo kila siku, au meno yakisuguliwa kwa nguvu kama masufuria, ufizi hurudi nyuma na mzizi wa jino hubaki uchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika jambo hili ni kupandikizwa ufizi.

Kwa njia iliyozoeleka tangu miaka ya 1960, daktari hukata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa la mgonjwa, akakishona pale ufizi ulipopungua. Basi aliyeingia na tatizo moja hutoka na vidonda viwili. Kile cha kaakaa mara nyingi huachwa kijifunge chenyewe kwa muda wa wiki mbili hadi nne, na ndicho kinachomnyima mtu usingizi na chakula. Tena mkazi wa Likoni aliyepasuliwa kisiwani, akianza kuvuja damu usiku wa manane, baina yake na daktari wake pana kivuko.

Sayansi imeleta vifuniko vya asili ya viumbe ili kuufupisha mateso huo muda. Kipo cha kolajeni, ambacho hutengenezwa kwa ngozi au mishipa ya ng'ombe au nguruwe. Kipo cha utando wa chupa ya uzazi, unaotolewa kwa ridhaa ya mama aliyejifungua na kupimwa maradhi kabla ya kutumiwa. Madaktari wa Marekani walikwisha kuujaribu kwenye ngozi mwaka 1910. Na kipo cha tatu, kilichobuniwa Ufaransa na kutangazwa mwaka 2001, ambacho ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu huchotwa mkononi, ikazungushwa katika mashine kwa dakika kumi na kitu bila kutiwa dawa ya kuzuia kuganda, kisha pande la katikati likabanwa hadi likawa utando wa kufunika kidonda. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba utando huo hupunguza maumivu na kuharakisha kaakaa kujifunga.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika mji wenye Waislamu wengi, pamoja na Wahindu wasiogusa nyama ya ng'ombe, inawezekanaje kifuniko kishonwe kinywani mwa mtu pasipo kumwambia kimetoka kwa mnyama gani? Na katika pwani ambayo kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, je, utando wa uzazi utumiwe kimyakimya? Huenda mgonjwa akakubali. Huenda mwanazuoni wake akampa ruhusa kwa sababu ya dharura. Lakini hakuna awezaye kuamua juu ya jambo asiloambiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe matibabu yake ndipo aridhie. Kunyamaza kwa kisingizio kwamba mgonjwa hataelewa ni kumdharau.

Kwa maoni yetu, kifuniko cha damu ya mgonjwa mwenyewe ndicho kinachostahili kupewa kipaumbele katika hospitali za umma. Hakina utata wa mnyama, hakiletwi kwa meli, wala hakimwambukizi mgonjwa maradhi ya mtu mwingine. Mashine ya kuzungusha damu si kitu kigeni katika maabara. Hata hivyo, si kila mashine wala kila chupa hufaa: kasi sharti ipimwe, usafi uzingatiwe, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu achunguzwe kwanza.

Watakuwapo watakaosema kwamba huu ni ubadhirifu mahali ambapo watu hung'olewa meno ambayo yangeweza kuzibwa. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Kusafisha meno kutangulie. Tumbaku iachwe, kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona. Na mtafunaji wa muguka, ambayo amri ya kaunti ya kuipiga marufuku ilisimamishwa na mahakama Mei 2024, atambue kwamba majani hayo hayafai kukwaruza kaakaa lililo wazi. Lakini masikini naye hupasuliwa, na maumivu yake si mepesi kuliko ya tajiri.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Serikali ya Mombasa haina budi kuagiza kwamba asili ya kila kifuniko iandikwe kwa Kiswahili katika hati ya ridhaa, na kuwafundisha wahudumu wa Port Reitz, Likoni na Kisauni namna ya kuzuia damu na kutazama vidonda hivyo, ili mgonjwa asivuke maji kwa jambo la nusu saa. Kinywa ni cha mgonjwa. Na neno la kwanza juu ya kinachoingizwa humo liwe lake.