Monita Nzuri Haipimwi kwa Inchi

Katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, biashara ya monita huanza kwa swali lilelile: inchi ngapi? Muuzaji anataja inchi, mnunuzi anataja fedha aliyonayo, wanavutana kidogo, kisha boksi linafungwa kamba na kupakiwa kwenye bodaboda. Baada ya wiki moja karani wa steshenari, anayechapa barua na kujaza fomu za watu tangu asubuhi hadi jioni, analalamika kuwa kichwa kinamuuma. Maandishi yamefifia. Akiegemea kiti, rangi zinageuka. Kimo cha monita hakirekebishiki, kwa hiyo ameiweka juu ya rimu mbili za karatasi.

Monita hiyo haikuharibika njiani. Ilitoka kiwandani ikiwa hivyo, na mnunuzi aliichagua kwa kigezo chenye uzito mdogo kuliko vyote. Kwa mtu mwenye bajeti finyu, monita ya ofisi iliyotumika, ikikaguliwa ipasavyo, huwa na thamani kuliko monita mpya ya jina lisilojulikana inayouzwa kwa bei inayokaribiana nayo. Wanaonunulia shule, ofisi ndogo na nyumba zao wanapaswa kulizingatia hilo kabla ya kutoa pesa.

Inchi hupima kioo kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, basi. Hazisemi ndani ya kioo hicho mna nukta ngapi za mwanga, yaani pikseli, na pikseli ndizo zinazochora herufi. Monita nyingi za bei ya chini kabisa zina pikseli 1366 kwa 768, jumla yake ikiwa milioni moja na ushee. Zenye pikseli 1920 kwa 1080 zina zaidi ya milioni mbili. Katika kioo cha inchi 24, kiwango hicho cha pili hutoa takriban pikseli 92 kwa kila inchi, na herufi husomeka bila kukodoa macho. Idadi hiyohiyo ikitandazwa kwenye inchi 27, inashuka hadi kama 82, na kingo za herufi huanza kuonekana zimekwaruzika. Mnunuzi ameongeza fedha ili apate herufi mbaya zaidi.

Kosa hilo huwa kubwa zaidi kwa wanaonunua televisheni ya inchi 32 na kuifanya monita. Televisheni nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768, maana yake pikseli 49 tu kwa kila inchi. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi akitazama mpira, hilo halina neno. Kwa mhasibu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, ni mateso. Isitoshe, baadhi ya televisheni hukata kingo za picha na kupunguza undani wa rangi, hivyo maandishi mekundu au ya buluu huonekana yamevuja. Televisheni imeundwa itazamwe kutoka mbali, na mezani hakuna umbali huo.

Baada ya pikseli, cha kuuliza ni aina ya kioo. Sokoni ziko tatu kuu: TN, VA na IPS. TN ndiyo rahisi kutengeneza, na ndiyo inayobadilika rangi mtu akiitazama kutoka chini au pembeni. VA ina weusi uliokolea, na uwiano wake kati ya weupe na weusi mara nyingi hufika 3000 kwa 1. IPS, ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1996, kwa kawaida ina uwiano wa karibu 1000 kwa 1, lakini rangi zake hazibadiliki sana mtazamaji anaposogea. Kwa steshenari, ambako mteja husimama nyuma ya karani akisoma barua yake inavyochapwa, IPS haina mpinzani.

Hapo ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapoanza kumpoteza mtu. Uwiano wa "milioni 10 kwa 1" hupatikana kwa kupunguza au kuzima taa za nyuma picha inapokuwa nyeusi, na kioo chenyewe hakina uwezo huo. "Milisekunde 1" mara nyingi hupimwa katika mpangilio maalumu ambao hakuna anayeutumia kufanya kazi. Kasi ya Hz 144 au 165 ina faida ya kweli kwa mchezaji wa gemu za kasi mwenye kompyuta inayoweza kuzalisha picha kwa kasi hiyo. Mwalimu anayejaza matokeo ya mtihani kwenye Excel hatapata chochote humo isipokuwa bei kubwa.

Kwa nini basi monita zilizotumika? Jibu linaanzia Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Kampuni kubwa huko hubadilisha vifaa kwa mzunguko wa miaka michache, mara nyingi kwa mikataba ya kukodi, hata kama vifaa havina tatizo. Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zilikuwa na sababu nyingine ya kuondoa kompyuta zao, na kompyuta ikiondoka mara nyingi huondoka na monita yake. Lakini monita haina mfumo endeshi wa kuchakaa. Iliyokuwa safi juzi itapokea picha ya Windows 11 au ya Linux bila kujua tofauti. Mizigo hiyo huingia Afrika Mashariki moja kwa moja au kupitia Dubai, na ndani yake mna monita za kundi la kikazi: Dell za mfululizo wa P na UltraSharp, HP EliteDisplay, Lenovo ThinkVision.

Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa mezani saa nane kwa siku. Nyingi zina mguu unaopanda, kushuka na kuinama, na mgongoni zina matundu manne ya kufungia ukutani. Dell P2419H, kwa mfano, ina kioo cha IPS cha inchi 24 kasoro kidogo, pikseli 1920 kwa 1080, na sehemu za kuchomeka waya wa HDMI, DisplayPort na VGA. Kwa hiyo inakubali kompyuta kuukuu ya shule na pia mpakato mpya.

Hofu ya kwanza ya wanunuzi ni umri. Taa za LED zinazomulika nyuma ya kioo kwa kawaida hukadiriwa kudumu saa 30,000 au zaidi kabla mwanga wake haujapungua kwa nusu. Ofisi inayowasha monita saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hutumia saa 2,080 kwa mwaka. Kwa hiyo monita ya miaka mitano imetumia kama saa 10,400, theluthi moja tu ya umri wake. Lebo ya nyuma mara nyingi huonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na baadhi ya monita, zikiwamo nyingi za HP za kikazi, huonyesha kwenye menyu saa ambazo taa zimewaka. Muuzaji akikataa menyu ifunguliwe, hiyo nayo ni taarifa.

Hofu ya pili ni ya kweli zaidi: vimeo vipo, tena vingi. Mizigo huja na vilivyopasuka, vilivyoungua na vilivyolowa, na mafundi wengine huvirudisha dukani vikiwa na afya ya siku mbili. Dawa yake ni ukaguzi, na ukaguzi wa monita hauhitaji fundi. Mnunuzi aende na mpakato au aombe kompyuta ya dukani, afungue picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, zijae kioo kizima. Nyeupe huonyesha madoa na manjano ya uzee. Nyeusi huonyesha mwanga unaovuja pembeni. Rangi tatu zilizobaki hufichua pikseli zilizokufa. Kisha apunguze mwanga hadi chini na apunge kalamu kwa kasi mbele ya weupe. Kalamu ikionekana kama kalamu nyingi zilizopangana, taa zinawaka na kuzima kwa kasi ili kupunguza mwanga, jambo linalowaumiza baadhi ya watu kichwa. Dell U2412M, iliyotoka mwaka 2011 na bado inaonekana sokoni, inajulikana kwa tabia hiyo, na pia haina HDMI. Mwisho, monita iachwe iwake nusu saa. Kasoro nyingine hujificha kifaa kikiwa baridi na kujitokeza kikipata joto.

Anayekataa kusubiri nusu saa hiyo anakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wanaotetea vifaa vipya husema kuwa angalau upya una waranti. Ni kweli, ila waranti nayo isomwe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307, katika daraja la pili ambalo watengenezaji wengi wamelifuata, kinaruhusu pikseli mbili zinazowaka muda wote na mbili zilizozimika muda wote katika kila milioni. Kwa kioo cha pikseli milioni mbili, hizo ni kama nne za kila aina, na bado kiwanda kitasema bidhaa ni nzima. Waranti ya jina lisilo na ofisi wala fundi nchini ni karatasi tu. Hata hivyo, kuna wanaostahili kununua mpya: shule inayotaka monita 30 zinazofanana, mbunifu wa michoro, na yeyote anayeishi mbali na mji mkubwa, ambako kurudisha kimeo kunagharimu nauli ya siku nzima. Hao watafute monita ya IPS ya kampuni yenye wakala anayejulikana. Bei za monita ndogo za aina hiyo zimeshuka kiasi kwamba hakuna sababu ya kununua TN mpya leo.

Umeme nao una hesabu yake. Monita ya LED ya inchi 22 hadi 24 hutumia kati ya wati 15 na 25 kwa kawaida. Kwa wati 20, saa kumi kwa siku na siku 26 kwa mwezi, ni uniti 5 na kidogo za LUKU au za tokeni. Monita ya zamani yenye chogo, kwa wati 80, ingekula uniti karibu 21 kwa muda huohuo. Za bapa za kabla ya mwaka 2010 kwa kawaida zilitumia taa za mirija zenye zebaki badala ya LED, hula umeme zaidi na nyingi zimeshafifia. Hata zikitolewa kwa bei ya kutupa, ziachwe. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kununua kifaa kitakachokufa mwezi ujao ni kulipia usafiri wa taka ya mwenzako.

Kuna kitu kidogo kinachowatesa wengi: waya. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyumenyume. Waya rahisi wa DisplayPort kwenda HDMI hupeleka picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI. Mwenye mpakato wa HDMI na monita ya DisplayPort peke yake atahitaji kigeuzi cha gharama zaidi, chenye umeme wake. Mnunuzi atazame matundu ya kompyuta yake kabla hajatoka nyumbani.

Na macho? Miwani ya "kuzuia mwanga wa buluu" inauzwa sana, lakini Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani hakiipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta. Chuo hicho kinaeleza kuwa binadamu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, ila mbele ya kompyuta hupepesa mara 5 hadi 7 tu, na macho hukauka. Fedha ya miwani hiyo ingefaa zaidi kwenye monita yenye mguu unaorekebishika, ili ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho au uwe chini yake kidogo. Kwa vijana wanaoshinda kwenye steshenari na saiba, hilo lina maana kuliko inchi tatu za ziada.

Wafanyabiashara nao wana deni. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yamegongwa mihuri kwenye risiti hadi watu wameyaona kuwa sheria. Si hivyo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na haki ya kupewa taarifa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Duka linaloamini mali yake liandike kwenye risiti modeli, namba ya kifaa na siku za kujaribu, angalau 14. Wanunuzi wakianza kuyapita maduka yanayokataa, masharti yatabadilika haraka kuliko kwa kusubiri wakaguzi wa serikali.

Kwa mwenye fedha ya monita moja tu, orodha si ndefu: inchi 22 hadi 24, pikseli 1920 kwa 1080, kioo cha IPS, mguu unaopanda na kushuka, HDMI au DisplayPort inayolingana na kompyuta yake, umri usiozidi miaka saba, na risiti yenye namba ya kifaa. Ikikosa kimoja kati ya hivyo, apunguziwe bei. Ikikosa vitatu, aende duka la pili.