Baada ya maandamano, nani anabaki na dosie?

Vijana wenzetu, na ninyi mnaofanya kazi pamoja nasi kambini, tunaandika kutoka Rumonge.

Jioni, mtandao ukikubali, telefone zetu zinajaa video za watu barabarani. Nairobi, Minneapolis, Paris. Mabango, moshi wa mabomu ya machozi, mtu amelala chini. Halafu mabishano yanaanza kati yetu. Wengine wanasema: "Barabara njo inasikiwa, karatasi hakuna anayesoma." Wengine wanajibu kwamba maandamano ni kelele tu, watu wanakufa na kesho yake polisi ni wale wale. Tumebishana sana juu ya hili, hata kukosana. Sasa tumekubaliana tuandike msimamo wetu.

Msimamo ni huu: maandamano yanaweza kuzuia kalamu, lakini rungu haliachi kupiga kwa sababu ya maandamano peke yake. Kitu kinachoamuliwa na mkono mmoja, kama sheria au agizo, watu wakijaa barabarani kinaweza kurudishwa nyuma kwa siku moja. Ubaguzi na ukatili wa polisi ni mazoea ya mikono mingi, usiku, mahali pasipo na kamera. Huo unahitaji mtu wa kubaki na dosie mkononi miaka mitano, miaka sita, baada ya barabara kufagiliwa. Na kwetu sisi wakimbizi kuna hesabu nyingine juu ya hiyo, tutaifikia.

Tuanze na mtoto wa kwetu. Patrick Lyoya alikuwa na miaka 26. Familia yake ilikimbia vita Kongo, ikafika Marekani mwaka 2014, kwa safari ile ile ambayo wengi wetu tunaingoja kila siku tukiuliza kama majina yametoka. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, polisi mzungu alimsimamisha akisema namba ya gari hailingani na gari lenyewe. Patrick akakimbia. Wakakamatana, wakagombania kile kifaa cha polisi cha kupiga shoti ya umeme. Mwishoni Patrick alikuwa kifudifudi, polisi juu ya mgongo wake, akampiga risasi kisogoni. Rafiki aliyekuwa naye garini alirekodi kwa telefone. Baba yake Patrick alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mtu akitafsiri. Sisi hatukuhitaji mkalimani.

Watu waliandamana Grand Rapids siku baada ya siku. Walipata kitu? Ndiyo, walipata. Tarehe 13 Aprili mkuu wa polisi alitoa video hadharani. Tarehe 25 jina la polisi yule, Christopher Schurr, ambalo lilikuwa limefichwa, likatajwa. Mwezi wa 6 akashitakiwa kwa mauaji na kufukuzwa kazi. Halafu barabara ikanyamaza, kesi ikangoja karibu miaka mitatu. Mei 2025 raia waliochaguliwa kuamua kesi walishindwa kukubaliana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashitaka akasema hataifungua upya. Kesi ya mauaji ikaishia hapo.

Kwa hiyo anayesema maandamano ya Grand Rapids hayakuleta kitu anakosea, maana bila watu barabarani pengine hata jina tusingelijua. Na anayesema yalileta haki, amwambie hivyo mama yake Patrick.

Sasa linganisheni na George Floyd, aliyeuawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Huko polisi aliyemkandamiza shingo, Derek Chauvin, alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Dunia nzima iliandamana, ni kweli. Lakini mahakamani kilichomfunga ni ushahidi: video ya msichana wa miaka 17 aliyesimama pale bila kuzima telefone yake, na watu wa mtaani waliokubali kuja kusema walichoona. Na angalieni kilichofuata. Mji ule uliandikiwa mapatano mawili ya kubadilisha polisi wake. Moja lilikuwa na serikali kuu ya Marekani, na hakimu alikuwa bado hajalipitisha. Mei 2025 serikali mpya ililiacha, likafutwa. La pili lilikuwa na idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota, nalo lilipitishwa na mahakama mwaka 2023. Hilo limebaki. Mji ni ule ule, hasira ni ile ile. Tofauti ni kwamba karatasi moja ilikuwa na hakimu nyuma yake na nyingine haikuwa naye.

Turudi karibu. Kenya, tarehe 25 Juni 2024, vijana waliingia hadi ndani ya Bunge kupinga muswada wa fedha. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Kalamu ilizuiwa kwa siku moja, na sisi huku tulishangilia kama vile ni kodi zetu. Lakini Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Na Juni 2025, mwaka haujaisha vizuri, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akafa akiwa mikononi mwa polisi mjini Nairobi. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani. Madaktari waliopima maiti wakasema majeraha yale hayafanani na hayo. Muswada ulirudi nyuma, rungu likabaki pale pale.

Lakini Kenya hiyo hiyo ina mfano ambao vijana hawausambazi, kwa sababu hauna moshi. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri waliuawa baada ya Mwenda kumshitaki polisi aliyempiga risasi. Mawakili walitoka barabarani, wakasusia mahakama. Wiki ikapita, wakarudi kazini. Ila hawakuiacha kesi. Waliifuata 2017, 2018, 2019, hata wakati wa corona. Julai 2022 polisi watatu na mtoa habari wao mmoja wakakutwa na hatia, na Februari 2023 mmoja wa polisi hao akahukumiwa kifo, wengine vifungo virefu. Karibu miaka saba. Bandu bandu huisha gogo, wazee walisema, na gogo hili lilikuwa nene.

Sasa ile hesabu yetu sisi.

Watu wa pwani hii wanajua bei ya barabara. Mwaka 2015, baada ya maandamano ya Bujumbura, ziwa hili hili liliwabeba Warundi kwa maelfu hadi kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania, kipindupindu kikawakuta pale ufukweni, na meli ya Liemba ikawa inawahamisha kwenda Kigoma. Siasa ya nchi iliyotupokea hatuiingilii, wala si kazi yetu kuihukumu. Tunasema tu kwamba wanaolipa mara nyingi si wale walioonekana kwenye video.

Na mkimbizi akiandamana analipa zaidi. Tarehe 15 Septemba 2017, Kamanyola, kwenye bonde la Ruzizi, wakimbizi Warundi walikwenda kudai wenzao waliokamatwa. Wanajeshi na polisi wakawapiga risasi, zaidi ya watu 30 wakafa. Wakongomani wenzetu, tusikimbie jambo hili: waliofyatua walikuwa askari wa nchi yetu, na waliokufa walikuwa watoto wa nchi inayotupa hifadhi leo. Miezi mitano baadaye, Februari 2018, ikawa zamu ya Wakongomani. Kambi ya Kiziba, Rwanda, chakula kilikuwa kimepunguzwa kwa robo. Watu wakatembea kwa miguu mpaka ofisi ya HCR mjini Karongi, wakalala nje siku mbili. Tarehe 22 polisi walifyatua. Human Rights Watch ilihesabu wasiopungua 12 waliouawa. Waliopelekwa mahakamani walikuwa wakimbizi.

Raia akiandamana ana kura, ana wakili, ana ndugu mtaa wa pili. Mkimbizi ana kile kikaratasi chake tu. Sheria nayo inatubana: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi unatutaka tufuate sheria za nchi tuliyomo na tusifanye vurugu dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Lakini someni vizuri: hakuna mahali panapotuambia tunyamaze tukipigwa. Kulalamika kwa haki si vurugu.

Tutoe mfano mdogo wa kwetu, bila kutaja mahali. Kwenye ugawaji mmoja wa chakula, mlinzi alimpiga kijana fimbo mgongoni, kisha akamtukana kabila lake mbele ya watu. Ndani ya saa moja vijana zaidi ya thelathini walikuwa tayari kuandamana mpaka ofisini. Tulikaa chini ya mti, tukabishana kwa sauti. Mwishoni tukaandika: siku, saa, alama ya mlinzi, majina ya mashahidi watano waliokubali, na picha ya mgongo. Watu wanne wakapeleka, wakaomba karatasi ya kuonyesha imepokelewa. Tulirudi kila Jumatatu. Jumatatu ya nne mlinzi aliondolewa, na meza ya malalamiko ikawekwa kwenye ugawaji. Je, ni ushindi? Nusu. Baada ya miezi miwili ile meza ilikuwa haina mtu tena, na sisi tukaanza upya kuiulizia. Lakini hakuna aliyelala hospitali, na dosie bado tunayo.

Kuna jambo lingine, nalo linauma. Tunaweka picha nyeusi kwenye telefone kwa ajili ya mtu mweusi aliyeuawa Marekani, halafu kesho yake kwenye bomba la maji tunamwambia Mnyamulenge arudi kwao, au tunamcheka Mbembe, au Mfuliiru anaambiwa hili na lile. Gatumba iko njia ile ile ya ziwa, ukipita Bujumbura kuelekea Uvira. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa pale kambini, wengi wao Wanyamulenge, na kabila lao ndilo walilochaguliwa nalo. Miaka zaidi ya ishirini imepita na wenyewe bado wanadai kesi. Ubaguzi tunaoulaani kwenye video una ndugu yake hapa kwetu, na huyu wa kwetu hahitaji ruhusa ya polisi ili tumwandamie. Anahitaji mtu mmoja kwenye foleni aseme: "Ndugu, hapana, usimwite hivyo."

Kwa vijana, basi, tunaomba haya. Mtu akipigwa au akitukanwa kwa kabila au rangi, andikeni siku hiyo hiyo, msingoje hasira ipoe. Majina ya mashahidi wekeni kwa mtu mnayemwamini, si kwenye Facebook. Video msiitupe mtandaoni kabla aliyepigwa hajakubali, maana uso wake unaweza kumrudishia shida. Na ninyi mtakaopata bahati ya kufika Marekani, Canada au Ulaya, huko mtakuwa na haki ya kuandamana. Andamaneni. Lakini siku inayofuata muulize kesi imepangiwa lini, na siku ya kesi mjaze viti vya mahakama kama mlivyojaza barabara.

Kwa ninyi watumishi wa mashirika, tunasema kwa heshima: watu wa Kiziba hawakuamka siku moja wakaamua kulala mbele ya ofisi. Mtu anatoka barabarani akishaona kwamba sanduku la malalamiko halina anayelifungua. Mkipunguza chakula, njooni mtuambie wenyewe kabla ya siku ya ugawaji, kwa Kiswahili, na mkae mpaka maswali yaishe. Mkipokea lalamiko, tupeni namba na siku ya jibu. Hata jibu likiwa "hapana", lileteni. Meza ya malalamiko yenye mtu anayejibu inalinda watu wengi kuliko lori la polisi.

Sisi hatudharau walioandamana. Wengine wamelala makaburini ili majina yajulikane. Tunachosema ni kwamba jina likishajulikana kazi ndiyo imeanza, na kazi hiyo haihitaji sauti kubwa. Inahitaji daftari, kalamu, na watu watatu wanne ambao Jumatatu watarudi tena.

Kwetu hapa daftari lipo kwa wanaojitolea. Anayetaka kujifunza namna ya kuandika lalamiko linaloweza kufika mbele ya hakimu, aje na rafiki yake mmoja, ikiwezekana wa kabila lingine.